Biri Saba Katika Sinia la Tambuu

Kabla hamjaanza kunisomea, najua. Tumbaku ni mbaya kwa kifua, ni mbaya kwa moyo, mashekhe wamesema yao na madaktari wamesema yao, na yote nimeyasikia. Mimi mwenyewe sivuti. Nikivuta pumzi mbili tu kichwa huzunguka nikatafuta ukuta wa kushika. Lakini tangu wiki iliyopita kasha la shangazi yangu liko sebuleni kwangu, juu ya meza, pale ambapo wengine huweka maua ya plastiki, na kila anayeingia hulikuta hapo. Asiyependa, mlango ameuona alipokuwa akiingia.

Kasha aliniletea mpangaji mwenzake wa Magongo baada ya hitima ya arubaini ya shangazi, limefungwa kwa leso yake ya kazi, ile iliyokwisha rangi. Kaka yangu Juma alikuwapo. Akasema, "Hilo si la kuwekwa, dada. Lipeleke likachomwe." Nilifungua fundo, nikainua kifuniko, na harufu ikatoka: jani lililolala muda mrefu, tamu kidogo kama tende zilizosahauliwa kabatini, na chini yake moshi wa jikoni, na chini kabisa udi, maana shangazi alikuwa na tabia ya kufukiza kila kitu alichokipenda. Nikakaa sakafuni na mwili wangu huu wote. Mara moja nikawa na miaka minane, Timbwani, uani kwetu, na mikono yangu ilikuwa imetoka kuoshwa kwa amri.

"Wajina!"

"Abee, shangazi."

"Mikono umeosha? Au inanuka bajia?"

"Nimeosha."

"Nusa mwenyewe kwanza. Jani hili halitaki mafuta."

Shangazi Mejumaa alikuwa dada mkubwa wa baba, na mimi nilipewa jina lake, ndiyo maana aliniita wajina. Nyumba nzima walinifupisha wakaniita Meju, lakini yeye hakukubali jina likatwe. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuvuka nyua tatu, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kuliko mwili wake, utadhani vya mtu mwingine. Kwa vidole hivyo alisuka mikeka. Sisemi mikeka ya kukanyagia miguu. Nasema mikeka ya harusi, yenye rangi nne na tano, ambayo watu walitoka Mtongwe na Shika Adabu kuja kuiagiza, na wengine walingoja miezi. Kila ukili, utepe wa miyaa iliyosukwa, uliotoka mkononi mwake ulikuwa na mwenyewe tayari. Mkeka huu ni wa Mwanasha, kikapu kile ni cha bibi harusi wa Mweza, pakacha lile jirani kaomba.

Ila Jumapili baada ya sala ya Alasiri. Hapo aliweka ukili kando, akatandika mkeka wake mchakavu nyuma ya jikoni, akapakata ubao wa chapati uliovunjika miguu, akaanza kusokota biri zake, zile sigara nene za jani tupu, zisizo na karatasi.

Alijifunza peke yake. Mumewe wa zamani alikuwa mpishi melini, na safari moja alirudi na biri moja tu aliyopewa na nahodha. Akaiweka juu ya kabati kama kitu cha mfalme, akamwambia mkewe asiiguse, hiyo ni ya wanaume. Basi. Alipotoka kwenda msikitini, shangazi aliiteremsha akaifumua. Aliifumua kama anavyofumua mkeka wa mtu mwingine kutaka kujua umesukwaje, jani kwa jani, akayapanga sakafuni kwa zamu. Akaona kuna majani ya ndani yaliyokunjwa, kuna jani la katikati linaloyabana, kuna jani moja jembamba la juu lililozungushwa mshazari, sawasawa na ukili unavyozungushwa kwenye kikapu. Mume aliporudi akamkuta ameisokota tena. "Na haikuonekana imeguswa," aliniambia, "ila mimi mjinga nikamwambia." Ndoa ile haikukaa sana baada ya hapo. Alikuwa akisema mumewe alimwachia elimu, na vyombo alichukua.

Miche yake mitatu minne ya tumbaku aliipanda nyuma ya bafu, chini ya migomba, maana jani la kivulini huwa jembamba na laini, linafaa kwa juu. Majani ya ndani alinunua Kongowea kwa mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akimwekea ya chini kabisa ya furushi. Aliyaning'iniza jikoni chini ya makuti mpaka yageuke rangi, akayapanga, akayakandamiza kwa jiwe, akayaacha yajifukute. Wiki za kwanza yalinuka kama mkojo wa paka, na Mama alilalamika mpaka akachoka. Kisha harufu ikageuka. Shangazi hakuwahi kutazama kalenda. Alifunua kila Jumapili, akanusa, akasema "bado," na siku moja akasema "haya."

Kazi yangu ilikuwa kitambaa. Nilikiloweka, nikakikamua mpaka kisidondoke, nikayafunika majani. Kama ukili, jani likiwa kavu huvunjika.

"Na mwanamke vilevile," alisema, "ila mwanamke akivunjika huwakata watu."

Alichomoa uti wa katikati kwa ukucha. Alikunja majani ya ndani kwa marinda marinda ili pumzi ipate njia, maana ukiyabana kama kitumbua hakipiti kitu. Akabana, akazungusha, na mwisho akalivuta lile jani la juu kidogo kidogo, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Ncha aliibandika kwa gundi ya mkanju, mti wa korosho, tone moja, aliyoigema mwenyewe kwenye mti wa jirani. Kisha alizilaza ndani ya kasha la mvule, pamoja na kigae cha chungu alichokilowesha, zisikauke. Zililala humo miezi.

Alivuta moja tu kwa juma, siku hiyohiyo ya Jumapili, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, amewatazama kuku. Hakuuza hata moja. Mama alimwambia mara nyingi, "Wifi, pale kwenye feri watu wangezigombania." Naye alijibu vilevile kila mara.

"Kila kitu ninachofanya kina mwenyewe. Nionyeshe kilicho changu. Hiki ndicho."

Sasa nitasema jambo ambalo lilinikera nikiwa mtoto na linanikera mpaka leo. Baba alivuta sigara za pakiti barazani, mbele ya watu, asubuhi na jioni. Hakuna aliyemgusa. Mashoga wa Mama walitafuna tambuu kutwa, na ndani ya tambuu mna tumbaku, tumbaku ileile, walitema nyekundu ndani ya kopo na wakikosa kopo walitema ukutani, na hao waliitwa mabibi wa heshima. Lakini shangazi yangu akiwasha biri yake moja ya juma, nyuma ya jikoni, na mlango umefungwa, mtaa mzima ulikuwa na pua. Wakasema ana mashetani. Wakasema ndiyo maana kaachwa. Mimi nilisikia haya yote na sikuyaelewa, na niliyoyaelewa niliyaelewa kwa kichwa cha miaka minane. Hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Dada yangu mkubwa, Riziki, alipata mchumba. Kijana mzuri, fundi wa umeme, watu wao wa Kisauni. Wanawake wa upande wa mume walituma salamu kwamba Jumamosi wangekuja kumtazama msichana na kuiona nyumba. Riziki alimtaka kijana yule mpaka alikuwa hali. Nyumba ikapakwa chokaa, vyombo vya kabatini vikateremshwa.

Usiku wa Alhamisi nilimsikia Baba akizungumza na shangazi ukumbini. Baba, ambaye kwa kawaida hakumwinulia dada yake macho, alikuwa akisema kwa sauti ya kubembeleza.

"Siku moja tu, dada. Watu wameshapeleka maneno Kisauni. Tukufiche chumba cha ndani mpaka waondoke. Tutasema umesafiri."

Shangazi akasema, "Kwa Riziki nitafichwa, Salimu. Kwa ajili yako nisingefichwa."

Mimi nikafurahi sana. Msinicheke. Miezi michache nyuma binamu yangu alikuwa ameolewa, na kabla ya harusi alifichwa siku saba. Alitiwa ndani, haonwi na jua, haonwi na mtu, akasuguliwa liwa, akafukizwa udi, na sisi watoto tukipita karibu na mlango tulifukuzwa. Siku ya kutolewa, pazia lilipofunguliwa, wanawake walipiga vigelegele mpaka masikio yakaziba. Kwa akili yangu, basi, waliofichwa walikuwa watu wa thamani tu. Mtu wa kawaida nani atapoteza wakati kumficha? Nikajua wageni wa Kisauni watakuja, watamwona Riziki, halafu mwisho kabisa, wakishakula na kushiba, pazia litafunguliwa na shangazi yangu atatolewa.

Jumamosi mchana, wageni hawajafika, nilijipenyeza chumba cha ndani. Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, hana kazi mkononi. Sikuwahi kumwona bila kazi mkononi. Nilikuwa nimetunga asmini kwenye uzi.

"Ya nini, wajina?"

"Ya kutokea."

Alinitazama kidogo, akadhani labda nasema mambo ya kitoto. Akainama nikamvisha shingoni. "Haya," akasema, "angalau nitanukia."

Wakaja wanawake saba. Mkubwa wao alikuwa Bi Zena, dada wa mama mkwe, mwenye meno mekundu ya tambuu na buibui la hariri. Walikalishwa sebuleni juu ya ule mkeka mkubwa wa rangi tano. Nilikuwa mlangoni nikawaona wakiupapasa.

"Mashaallah, mkeka huu kasuka nani?"

"Wifi yangu," Mama akajibu, kifua mbele. "Dada wa mume wangu."

"Mikono hiyo! Yuko wapi tumwone?"

"Amekwenda Msambweni, kuna mgonjwa."

Nikajua ni sehemu ya mchezo. Hata binamu yangu walisema hayupo.

Mahamri yakaliwa, kahawa ikanywewa, Riziki akaingia, akasalimu, akatazamwa juu mpaka chini, akatoka na jasho. Mama akaniita jikoni. "Meju, panga sinia la tambuu uwapelekee wageni. Majani ya tambuu, popoo, chokaa, tumbaku. Vyote viko pale. Na usimwage."

Nikapanga. Majani nikayafuta, popoo nikaitia kwenye kibakuli, chokaa kwenye kikopo chake. Nikafikia tumbaku. Ilikuwa tumbaku ya dukani, imesagika, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, vumbi tupu. Nikaitazama, nikaona haya. Wageni wakubwa hivi, siku kubwa hivi, na ndani ya nyumba hii chini ya kitanda cha shangazi kuna tumbaku iliyolala miezi, iliyofukizwa udi, ambayo hakuna nyumba nyingine Likoni iliyo nayo. Na mwenyewe yuko karibu kutolewa. Mimi nikaona hiyo ndiyo ingemtangulia.

Nilichukua biri saba, wageni saba. Nilizipanga kuzunguka majani ya tambuu, vichwa vyote vikitazama nje, na katikati nikatia asmini zilizobaki. Wallahi lilikuwa sinia zuri. Sijapanga jingine zuri kama lile maisha yangu yote.

Niliingia nalo kichwa juu, nikapiga goti, nikaliweka mbele ya Bi Zena. Maneno yakakatika. Bi Zena aliichukua moja kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa jongoo kwenye nguo.

"Na hii? Nani kasokota?"

Mama alicheka, kicheko hakikufika popote. "Lo, hizo si zetu. Sijui zimetoka wapi."

"Zimetoka kwenye sinia lako, Bi mkubwa."

Mama akanigeukia. Uso wake sijausahau. Haukuwa na hasira, ulikuwa na woga, na mtoto akiona mamake anaogopa hufanya chochote. "Meju," akasema polepole, "umeziokota, sivyo? Umeziokota nje ukadhani ni kitu cha maana."

Nikatazama pazia la chumba cha ndani. Halikutikisika. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba huku si kufichwa kule ninakokujua mimi.

"Sema na wageni," Mama akasema.

"Nimeokota."

"Wapi?" akauliza Bi Zena.

"Nje."

"Nje wapi, mwanangu?"

Saba walikuwa wananitazama, wanane na Mama. "Jaani," nikasema.

Jaani. Kitu alichokilea tangu mbegu, nikasema nimekiokota jaani, kwenye taka.

Pazia likafunguka. Hakukuwa na kigelegele. Shangazi Mejumaa alitoka na leso yake ya kazi na ile asmini shingoni, akasimama katikati ya sebule.

"Salaam aleikum."

Waliitikia. Hata Bi Zena aliitikia, salamu ni salamu.

"Msambweni sikwenda," shangazi akasema. "Nilikuwa hapo ndani, juu ya gunia. Hizo nimesokota mimi. Jani nimepanda mimi, na huo mkeka mlioukalia mkausifu nimesuka mimi, kwa mikono hiihii, sina mingine. Nilikubali kufichwa kwa ajili ya mtoto wetu aolewe. Lakini huyu mdogo hajajua kusema uongo, na hatafundishwa leo, tena kwa ajili yangu."

Mama alikuwa ameshika mdomo. Bi Zena akairudisha biri kwenye sinia.

"Hatukatai tumbaku, bibi," akasema. "Sisi sote twaijua. Lakini mwanamke kutoa moshi!"

"Moshi wangu haujaacha doa kwenye ukuta wa mtu," shangazi akajibu. "Tambuu yako naona hata buibui limeipata."

Akainama. Akaziokota zile biri moja moja, zote saba, bila haraka, akazifunga kwenye pembe ya leso. Kisha akanishika mkono akanitoa nje.

Jawabu lilikuja siku ya pili kupitia kwa wanaume. Riziki wamemkubali. Tabia yake wameiona, uzuri wake wameuona. Ila yule mwanamke wasimwone harusini, wala asiwe anakaa nyumba ambayo wajukuu wao watakuja kulala. Baba alikaa barazani mpaka magharibi na pakiti yake ya sigara, akitafuta namna ya kuingia ndani kusema. Hakuhitaji kusema. Shangazi alitoka amekwisha fungasha.

"Dada, sikukufukuza."

"Na mimi sifukuzwi, Salimu. Nahama. Tofauti uijue."

Mimi nilimng'ang'ania leso nikilia. Akanibandua kidole kimoja kimoja, kama anayefumua. Akaondoka na kasha kichwani na bunda la ukili kwapani, na mgongo wake ulikuwa umenyooka mpaka kwenye kona. Baba hakuinuka pale alipokaa. Nilimpenda babangu, nampenda mpaka leo na Mungu amrehemu, lakini siku ile angeinuka.

Miezi mitatu baadaye harusi ilifanyika. Siku mbili kabla, kijana mmoja alileta mkeka umekunjwa. Rangi saba. Haukuwa na maneno wala barua. Riziki aliufungua, akauinamia akaunusa, akalia mpaka wanja ukamharibika. Aliukalia mkeka ule siku ya kupambwa, na Bi Zena mwenyewe aliusifu. Mkeka waliupokea. Mwenye mkeka hapana.

Shangazi alihamia Magongo, chumba kimoja, nyumba ya wapangaji watupu, wengi watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Hao hawakuwa na wakati wa pua. Walimwita Mathe, yaani mama, na yeye aliwasahihisha Kiswahili chao kila siku ya Mungu bila kuchoka. Alipanda miche yake kwenye madebe. Nilipofika umri wa kuvuka feri peke yangu nilikuwa nakwenda kwake kila likizo, Mama akijua na Baba akijifanya hajui, na huko ndiko aliponifundisha kusokota kweli, siyo kuloweka kitambaa tu. Biri zangu za kwanza zilikuwa kama mihogo. Alizipanga mstari akazicheka moja moja.

Siku moja, nikiwa msichana mkubwa sasa, nilimwambia lile lililokuwa limenikaa rohoni. "Shangazi, siku ile nilisema jaani."

Hakuacha kuzungusha jani. "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Mbele ya wanawake wanane, mamako kakukodolea macho. Mimi ningesema kaziangusha kunguru." Akaibandika ncha, akaniangalia. "Hilo nilishakusamehe kabla hujafika mlangoni. Lakini siku ukiulizwa na wewe mtu mzima, wajina, ukasema hivyo tena, huko niliko nitakuja nikuzabe."

Aliishi mpaka akawa mkongwe. Na kwa wale wanaosubiri kwa hamu kusikia kwamba tumbaku ilimuua, poleni, alikufa usingizini, uzee tu, kifua kizima.

Sasa mniruhusu nirudi kwenye kasha. Siku ile Juma alipoondoka, nilitoa biri zote za juu, zile mpya, nikakuta chini kabisa kuna kitambaa. Ndani ya kitambaa kuna biri saba, ngumu kama vijiti, nyeusi, zimefungwa pamoja kwa uzi wenye vijiganda vidogo vya kahawia. Nilivitazama sana. Vilikuwa asmini. Alizitoa sebuleni kwetu kwenye pembe ya leso na hakuvuta hata moja, miaka yote hii.

Jumapili hii nina wageni. Binti yangu kapata mchumba, na wanawake wa upande wa mume wanakuja kuiona nyumba. Juma amenipigia simu mara mbili. "Dada, nakuomba, siku moja tu, hilo kasha lifiche." Maneno yaleyale, sauti ileile ya Baba. Nikamwambia, "Nyumba hii hakifichwi kitu tena, Juma. Ukitaka njoo, hutaki kaa kwako." Binti yangu alikuwa akisikiliza. Yeye ndiye mwenye cha kupoteza, si mimi, kwa hivyo nilimuuliza, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Akafikiri. Akasema, "Mama, kama wataondoka kwa hilo, waondoke mapema."

Kwa hiyo sinia nimeshalisugua. Majani ya tambuu nitayanunua asubuhi yakiwa mabichi. Popoo, chokaa, na zile biri saba nitazizungusha, vichwa vyote vikitazama nje, na asmini katikati. Sitamtuma mtoto. Nitaliingiza mwenyewe, nitapiga goti na magoti yangu haya mabovu, nitaliweka mbele ya mkubwa wao. Na akiinua moja kwa vidole viwili akaniuliza nani kasokota, nitamwambia: shangazi yangu, Mejumaa. Na hazikuokotwa jaani.